Seva ya faili iko Fuoni, mwenzangu yuko Wete: poti nimeelekeza, nje haionekani

studio_fuoni: Assalaam alaykum wanajamvi. Mie na mwenzangu tunapiga video za harusi. Mie niko Fuoni, Unguja, yeye yuko Wete, Pemba. Kazi zote huenda kwa diski: anampa mtu wa boti, naipokea bandarini Malindi, nakata video, narudisha kwa njia ile ile. Msimu ukipamba moto diski zinapishana baharini, na kila ikichelewa mama harusi ananipigia mie.

Sasa nimechukua kompyuta ya zamani nikaitia Ubuntu (mfumo wa Linux) na Samba, programu ya kugawana mafaili, ina diski ya TB 4. Humu ndani kila mtu anaiona, simu na laptop. Ruta ni ya laini ya 4G. Nimeingia kwenye setingi nikaelekeza poti 445, mlango unaotumiwa na Samba, kwenda 192.168.1.14 ilipo seva, halafu nikampa mwenzangu IP yangu (anwani ya mtandao) ile inayooneshwa na tovuti ya kuangalia IP. Kwake inazunguka mpaka inakata. Kijana mmoja akaniambia niiweke seva kwenye DMZ. Nimeiweka, hamna kitu. Kasoro iko wapi?

mkwajuni: Zima faya-woli ya Ubuntu na ya ruta ujaribu tena. Mara nyingi ndiyo inayozuia.

bandarini: Usifanye hivo yakhe. 445 haifunguliwi kwa dunia nzima. WannaCry ya Mei 2017 kirusi cha kompyuta, ilisambaa kupitia tundu la SMB (njia ya kugawana mafaili, Samba nayo huitumia) kwenye Windows, na mlango wake ulikuwa huo huo. Utasema weye uko Linux. Samba nayo ilikutwa na tundu lake mwezi ule ule. Kuna roboti zinagonga poti hiyo usiku na mchana bila kujali nyumba ni ya nani. Hiyo DMZ itoe leo leo, maana inaielekeza kwenye seva kila poti ambayo hukuipangia pa kwenda.

Ukishaitoa, fungua ukurasa wa hali ya ruta utazame IP ya upande wa WAN, yaani wa nje, uilinganishe na ile ya tovuti. Tuandikie mwanzo wake tu, usizibandike nzima hapa.

studio_fuoni: DMZ nimetoa. Ya ruta yaanza 100.83, ya tovuti yaanza 102.

bandarini: Basi ruta yako haina kosa. Fungu la 100.64 mpaka 100.127 lilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za mtandao kugawia wateja ndani kwa ndani. Jina lake CGNAT. Anwani za IPv4 hazitoshi, kwa hiyo wateja wengi wanatoka nje kwa anwani moja, hiyo ya 102 unayoiona. Mwenzako akigonga 102 ni sawa na barua iliyoandikwa "Michenzani" bila ya namba ya jumba wala ya mlango. Inafika kwenye mashine ya kampuni na kuishia hapo. Weye unaweza kupanga setingi mpaka alfajiri, lango lenyewe si lako.

bint_jambiani: Ongezea kuwa ruta za 4G karibu zote ziko hivo. Unaweza kuiomba kampuni IP ya umma, wengine huwapa wateja wa biashara kwa malipo ya kila mwezi. Uliza, lakini usisubiri jibu ndo uanze kazi.

Mie nisingeelekeza poti kabisa. Tia Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta za mbali kama ziko nyumba moja, kwenye seva na kwenye kompyuta ya Wete. Zote mbili zinatoka nje zenyewe kutafutana, na kwa kuwa safari imeanzia ndani, CGNAT huruhusu majibu yarudi. Zikishindwa kuonana moja kwa moja hupitia seva ya kati, hapo kasi hupungua. Usishangae ukiona anwani utakayopewa nayo yaanza 100, wanatumia fungu lile lile.

mkwajuni: Au WireGuard tu, njia ya siri unayoipanga mwenyewe baina ya kompyuta mbili, bila ya kampuni ya mtu.

bint_jambiani: WireGuard inataka angalau upande mmoja uwe na IP ya umma. Hapa hamna. Labda akodi seva ndogo nje ya nchi, afungue kule poti ya WireGuard, UDP 51820. Ni njia nzuri, ila kwa watu wawili naiona kazi kubwa.

bandarini: Kuna suala ambalo hakuna aliyeliuliza. Harusi moja ni GB ngapi, na Wete wanapandisha kwa kasi gani?

studio_fuoni: Kama GB 60, masaa sita ya video. Kupandisha Wete ni Mbps 5 mtandao ukiwa na raha.

bandarini: GB 60 kwa Mbps 5 ni zaidi ya masaa 26, mtandao usipoyumba hata dakika. Boti inakushinda kwa mbali! Na kwenye 4G kupandisha nako kunakula bando, kwake na kwako. Diski ziendelee kupanda boti. Ila mwenzako atengeneze nakala nyepesi za 720p, yaani picha ndogo; video ikiwa ya Mbps 2 masaa sita yanakuwa GB 5 na kitu, zinafika kwa masaa mawili na nusu hivi. DaVinci Resolve, programu ya kukata video, inakata kwa nakala nyepesi halafu inaunganisha na zile nzito diski ikifika. Unaanza kazi usiku ule ule wa harusi.

bint_jambiani: Kwa hilo tumia Syncthing, programu ya kulinganisha mafolda ya kompyuta mbili, badala ya Samba. Samba kwa mbali inajikokota, na laini ikikatika unaanza upya. Syncthing inaendelea ilipoishia, na CGNAT haiizuii.

mkwajuni: Hapo nakubali. Na umeme je? Ukikatika ukarudi, seva itabaki imelala mpaka mtu aibonyeze. Ingia BIOS, setingi za kompyuta kabla ya Ubuntu kuwaka, uiambie iwake yenyewe. Ruta nayo iambie anwani ya 192.168.1.14 ni ya kadi ya mtandao ya seva hiyo tu, isije ikampa mwingine.

studio_fuoni: Nimetia Syncthing pande zote mbili. Nakala za harusi ya Konde zimefika usiku, zilikatika njiani zikaendelea zenyewe. Ahsanteni sana. Diski yenyewe iko kwenye boti ya kesho.

mpemba_mkoani: Nidandie hapo hapo. Mie nina faiba, IP ya ruta na ya tovuti zinalingana, zote 41. Nifungue 445?

bandarini: Hapana! Zikilingana weka WireGuard nyumbani, elekeza 51820 ya UDP peke yake, Samba ibaki ndani. Na ukijaribu, zima Wi-Fi utumie data ya simu. Ruta nyingi hazikubali ukigonga IP yako ya nje ukiwa ndani, utadhani haifanyi kazi na kumbe inafanya.