Rafa Benítez: wamiliki ndio waliomwangusha, au mbinu zake ziliishia 2009?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa mechi na takwimu, jezi tuziweke pembeni.

Rafael Benítez, mzaliwa wa Madrid mwaka 1960, ameshafundisha timu 15 katika nchi 5: Valladolid, Osasuna, Extremadura, Tenerife, Valencia, Liverpool, Inter, Chelsea, Napoli, Real Madrid, Newcastle, Dalian ya China, Everton, Celta Vigo, na Oktoba 2025 Panathinaikos ya Ugiriki. Njiani amebeba La Liga mara mbili, Kombe la UEFA, Ligi ya Mabingwa, Kombe la FA, Kombe la Dunia la Klabu, Europa League na Kombe la Italia. Lakini tangu Napoli yake iifunge Juventus kwa penalti kwenye Super Cup ya Italia, Desemba 2014, kilichoongezeka kabatini kutoka Ulaya ni ubingwa wa daraja la pili Uingereza tu, akiwa na Newcastle mwaka 2017.

Kambi moja inasema soka limemwacha nyuma. Nyingine inasema wamiliki ndio walioharibu kazi yake. Mimi niko kambi ya pili. Huyu ni kocha anayejenga timu kama fundi anayepanga matofali: ukimnyima tofali moja la msingi, ukuta mzima unapinda. Valencia mwaka 2003 alilalamika hadharani kwamba ameomba sofa akaletewa taa, akimaanisha hakusajiliwa mchezaji aliyemtaka, na mwaka uliofuata, baada ya kutwaa ligi na Kombe la UEFA kwa pamoja, akaondoka. Ugomvi huo huo umemfuata kila alikokwenda.

Mchangiaji wa 1

Mleta mada, umeruka mwanzo wake, na mwanzo ndio unaofafanua mengi. Valladolid alitimuliwa baada ya mechi 23 za ligi akiwa ameshinda 2. Osasuna hakufika mbali, mechi 9, ushindi 1. Extremadura aliipandisha mwaka 1998 ikashuka mwaka uliofuata. Tenerife akaipandisha mwaka 2001. Kwa hiyo Valencia ilipomchukua, haikuwa inachukua jina kubwa.

Alichokikuta pale si kidogo. Héctor Cúper alikuwa ameifikisha timu ile fainali mbili mfululizo za Ligi ya Mabingwa, 2000 na 2001, akapoteza zote. Ukuta ulishakuwepo: Cañizares golini, Ayala na Pellegrino katikati, Carboni kushoto. Benítez hakuubomoa. Aliusogeza mbele. Timu ya Cúper ilikuwa inasubiri karibu na boksi lake, ya Benítez ikaanza kukaba juu, mistari mitatu ikiwa imebanana kiasi kwamba kiungo wa timu pinzani akigeuka anakutana na mtu.

Mfumo ulikuwa 4-2-3-1, na siri yake ilikuwa wale viungo wawili wa chini, Albelda na Baraja. Albelda anabaki, Baraja anapanda. Baraja akipanda, beki wa pembeni wa upande ule hapandi. Kanuni ni nyepesi kuisema na ngumu kuifuata dakika 90, na timu nyingi zinazoiga mfumo huu zinavunjikia hapo hapo: kiungo anapanda, beki naye anapanda, mpira unapotea, na beki wa kati anabaki peke yake na eneo la nusu uwanja.

Msimu wa 2001-02 Valencia ilichukua ubingwa baada ya kuusubiri miaka 31. Ilifunga mabao 51 tu katika mechi 38 na kuruhusu 27. Mfungaji wake bora wa ligi alikuwa Baraja, kiungo, kwa mabao 7. Misimu miwili baadaye mabao ya kufungwa yalikuwa yale yale 27, ila ya kufunga yalifika 71, Mista peke yake akipachika 19. Anayesema Benítez anajua kulinda tu aitazame hiyo 71. Alijenga chini kwanza, juu baadaye, na alipata misimu mitatu ya kufanya hivyo. Baada ya Newcastle, hakuna klabu ya Ulaya iliyompa hata msimu mmoja kamili.

Mchangiaji wa 2

Nakubaliana na wewe kuhusu Valencia. Ila jina lake limekaa juu miaka yote hii kwa sababu ya Istanbul, 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa ambayo Liverpool yake iliifunga AC Milan kwa penalti, na Istanbul inasimuliwa nusu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kosa lake. Alimweka benchi Hamann, kiungo mkabaji, na nyuma ya mshambuliaji Baros akamwanzisha Harry Kewell, mchezaji aliyekuwa na majeraha na aliyetoka dakika ya 23. Viungo wa katikati wakabaki wawili, Gerrard na Xabi Alonso, dhidi ya almasi ya Milan yenye Pirlo chini, Gattuso na Seedorf pembeni, Kaká juu. Wawili kwa wanne. Kaká alikuwa anapokea mpira nyuma ya migongo yao bila mtu. Maldini dakika ya 1, Crespo ya 39 na ya 44, ikawa 3-0.

Marekebisho ya mapumziko nayakubali kwa mikono miwili, kwa sababu yalikuwa sahihi kila kipande. Kwanza alitaka kumtoa Traoré, kisha daktari wa viungo akasema Finnan ameumia, basi akatoka Finnan na Traoré akarudi. Hamann akaingia kumkaba Kaká. Mabeki wakawa watatu, Carragher, Hyypiä na Traoré. Riise akashika upande wote wa kushoto na Smicer wa kulia. Gerrard akaachiwa apande. Mabao yalikuja dakika ya 54, 56 na 60. Milan ilipomwingiza Serginho mwishoni kushambulia kushoto, Gerrard akashushwa kumzuia kule pembeni.

Swali langu ni hili: kocha anayesahihisha vizuri namna ile kosa alilolifanya mwenyewe, tumpe alama ngapi? Msimu ule ule kwenye ligi alimaliza wa 5 kwa pointi 58, nyuma ya Everton. Na alikuwa na tabia ya kubadili kikosi kila mechi, akafikisha mechi 99 mfululizo bila kurudia wachezaji 11 walewale. Mabeki na kipa wanahitaji kuzoeana. Hilo halina mjadala.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, kwa kuwa umegusa mabeki, niseme la kona, maana ndipo Benítez alipoonewa zaidi na wachambuzi wa televisheni.

Yeye anakaba kwa eneo, hakabi mtu kwa mtu. Mpangilio wa kawaida uko hivi: mchezaji mmoja mlingoti wa karibu. Wanne kwenye mstari wa yadi 6, mrefu kuliko wote akiwa katikati ya goli, kazi yao ni kuushambulia mpira tu, hawamtazami mtu. Wawili au watatu karibu na alama ya penalti wanaziba njia za wanaokuja mbio. Mmoja anabaki ukingoni mwa boksi kusubiri mpira wa pili. Kipa hasongwi na watu wake mwenyewe, anaweza kutoka.

Udhaifu upo na unajulikana. Aliyesimama anaruka chini kuliko aliyekimbia hatua tano. Kwa hiyo wale wazibaji wasipofanya kazi yao, mpigaji kichwa anafika juu ya mtu wako akiwa na kasi. Sehemu ya pili inayovuja ni nafasi kati ya mtu wa kwanza na wa pili, mpira ukipigwa kwa nguvu na chini kuelekea pale, kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Bao likiingia hivyo, kamera inaonyesha mfungaji hana mtu, na mchambuzi anasema mfumo mbovu. Bao la kona likiingia kwa timu inayokaba mtu kwa mtu, analaumiwa beki.

Sasa tazama hesabu ya mabao ya kufungwa ligini, Liverpool: 25 msimu wa 2005-06, kisha 27, kisha 28, kisha 27. Misimu minne. Kipa wake Reina alipata glovu ya dhahabu, tuzo ya kipa aliyemaliza mechi nyingi zaidi bila kufungwa, mara tatu mfululizo katika miaka hiyo. Timu inayovuja kwenye kona haiwezi kupata namba hizo, na zilipatikana wakati anabadili kikosi. Hoja ya mazoea naona inayumba hapa.

Mchangiaji wa 4

Mmesahau Inter, na kwa wasomaji wa Lubumbashi hilo halisahauliki. Desemba 2010, Abu Dhabi, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ilikuwa Inter ya Benítez dhidi ya TP Mazembe ya Lubumbashi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo baada ya kuifunga Internacional ya Brazil 2-0. Inter ilishinda 3-0, Pandev na Eto'o wakifunga ndani ya dakika 17, Biabiany akamalizia. Mkenya McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi kile cha Inter.

Baada ya fainali hiyo, badala ya kufurahi, Benítez alimtaka mwenye timu hadharani amsajilie wachezaji au waachane. Siku tano baadaye, tarehe 23, hakuwa kocha tena. Mleta mada, hapo mmiliki ana kosa gani? Alikuwa amerithi timu iliyobeba mataji matatu na Mourinho, kocha aliyemtangulia, wachezaji wenye umri mkubwa, majeruhi wa misuli wamejaa, na ligi iko nyuma. Alichagua siku mbaya na njia mbaya.

Mchangiaji wa 5

Naongeza mawili ya upande huo huo.

Real Madrid, 21 Novemba 2015, nyumbani dhidi ya Barcelona. Wiki nyingi Casemiro alikuwa akicheza kama kiungo mkabaji na timu ilikuwa imetulia. Siku ya Clásico akawekwa benchi, wakapangwa Modric na Kroos chini, mbele yao Bale, James, Ronaldo na Benzema. Ilikwisha 0-4. Kocha aliyejenga jina kwa Albelda na Baraja alicheza mechi kubwa ya msimu bila Albelda wake. Kama alishinikizwa na ofisi, alipaswa kukataa. Kama ni uamuzi wake, ni mbaya zaidi. Kupanga ni kuchagua. Suala la winga Cheryshev kuchezeshwa mechi ya Kombe la Mfalme dhidi ya Cádiz akiwa na adhabu ya kadi silimtwishi, kufuatilia kadi ni kazi ya ofisi ya klabu. Januari 2016 akaondolewa, Zidane akaingia, Casemiro akarudi, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa.

Everton nako: mechi 7 za kwanza za msimu wa 2021-22 alipata pointi 14. Mechi 12 zilizofuata, pointi 5. Huo si mteremko wa kawaida. Ndiyo, kiangazi kile ada aliyoruhusiwa kulipa ilikuwa pauni milioni 1.7 za Demarai Gray, na mshambuliaji Calvert-Lewin aliumia baada ya mechi 3. Lakini aligombana na beki Digne, mpigaji krosi bora aliyekuwa naye, hadi akauzwa, na siku chache baadaye kocha mwenyewe akatimuliwa kwa kufungwa na Norwich. Mchezaji muhimu akigombana nawe, unazungumza naye. Tangu Liverpool, ubaridi wake kwa wachezaji umetajwa na wengi waliofanya kazi naye.

Mleta mada

La Inter nalikubali, mchangiaji wa 4. Na la Casemiro sina cha kujibu.

Ila Newcastle hamjaigusa. Alifika Machi 2016 zikiwa zimebaki mechi 10, akapata pointi 13, timu ikashuka kwa tofauti ya pointi 2. Makocha wa ngazi yake huondoka hapo. Yeye alibaki, akapanda na pointi 94, kisha akamaliza wa 10 na wa 13, msimu huo wa pili kwa kikosi ambacho mshambuliaji wake mkuu, Rondón, alikuwa wa mkopo. Rekodi ya usajili ya klabu ilikuwa ya Michael Owen tangu 2005, ikaja kuvunjwa Januari 2019 kwa Almirón, nusu mwaka kabla ya Benítez kuondoka. Mabeki watano, viungo wanne waliobanana, mpira mrefu kwa Rondón, winga anakimbilia mpira wa pili. Hiyo si mbinu iliyopitwa na wakati, ni mbinu ya kocha anayejua ana nini mkononi.

Kwa Liverpool nakiri kosa lake moja kubwa halikuwa la mmiliki peke yake: kiangazi cha 2008 alitaka kumuuza Xabi Alonso ili amnunue Gareth Barry. Barry hakuja, Alonso akabaki akiwa ameshaonyeshwa mlango, na 2009 akaenda Madrid. Timu iliyomaliza ya 2 ikawa ya 7.

Mchangiaji wa 2

Hapo ndipo penyewe, mkuu. Msimu huo wa 2008-09 unaosema alimaliza wa 2 kwa pointi 86, alipoteza mechi 2 tu, akafunga mabao 77 kuliko timu yoyote, na bado Manchester United ikabeba kwa 90. Hadithi inayorudiwa ni kwamba ubingwa ulipotea 9 Januari 2009, aliposoma karatasi yake ya shutuma dhidi ya Ferguson, kocha wa Manchester United, mbele ya waandishi. Ratiba inakataa. Stoke 0-0 ilikuwa Septemba. Fulham 0-0, Novemba. West Ham 0-0, tarehe 1 Desemba. Hull 2-2, tarehe 13 Desemba. Zote nne Anfield, uwanja wa Liverpool, zote kabla ya karatasi ile, dhidi ya timu zilizojaza watu nyuma ya mpira. Pointi 8 zilibaki pale, na pengo mwishoni lilikuwa 4.