Nyumba ya Langoni (familia tu)

Saida (admini), 4:02 asubuhi: Assalamu alaykum. Narudia. Boriti za chumba cha juu zimeoza, masika yaja, fundi ataka korija mbili na chokaa. Pesa ziko kwa Omari na Omari hajibu. Mimi nasema atolewe kwenye kamati na grupu pia, tupate kuzungumza. Anayekubali aandike NDIO

Saida: Mwasoma tu. Tiki za buluu naziona

Mwanakombo: Niko sokoni ntasoma baadaye

Twaha: NDIO

Twaha: Ngoja kwanza ni NDIO ya nini

Fahim: Shangazi hii ina jina lake, tumeisoma chuo majuzi. Athens ya zamani kila mwaka watu walikuwa waulizwa kama kuna haja ya kufukuza mtu, wakikubali wanakuja siku nyingine kila mmoja na kigae cha chungu amechora jina la amtakaye aondoke. Kura zote zikifika 6000 mwenye jina lililozidi anahama mji miaka 10. Kigae kwao ni ostrakon, kule kufukuzana wakakuita ostrakismos, na Waingereza wakalichukua hilo hilo wakasema ostracism

Twaha: Kwa hivyo tuvunje vyungu 😂

Mwanakombo: Changu cha wali msikiguse

Rukia: Vya nini kuvunja, nendeni magofuni Shanga mkaokote, vimejaa

Saida: Nazungumza boriti nyinyi mwazungumza vyungu

Khalfan: Na mali ya huyo aliyefukuzwa?

Fahim: Haiguswi ami. Shamba lake, nyumba yake, akirudi avikuta. Wala hashtakiwi kosa, watu wamemchoka basi. Themistocles ndiye aliyewapigania na Waajemi pale Salamis mwaka 480 kabla ya Masihi, na baadaye wakamtoa vile vile

Twaha: Miaka 10 boriti zitakuwa zishatuangukia

Rukia: Vigae hata vya ile sahani ya zidakani vipo

Mwanakombo: Rukia.

Saida: Hayo tulishayamaliza

Rukia: Mliyamaliza nyinyi. Omari hata hakuitwa

*Saida amefuta ujumbe huu*

Fahim: Sikilizeni hii lakini. Kuna kisima karibu na Akropoli, kile kilima cha Athens, kilipochimbuliwa kikakutwa na vigae kama 190 vya jina la huyo huyo Themistocles, kuangalia miandiko ni ya watu 14 tu. Yaani vilishaandikwa vikangoja kugawiwa

Khalfan: Heh. Kama ule ujumbe nilioletewa inboksi jana. "Andika NDIO tu ami usiulize"

Twaha: Hata mimi 😂😂

Rukia: Na mimi. Mpaka "tafadahli" ni ile ile

Saida: Nilikuwa nawarahisishia!! mwajua nyote hamsomi ujumbe mrefu, mwaka jana dari ya choo nani alihangaika na mafundi si mimi, nani alipanda punda na mifuko ya chokaa akawa anachekwa mui mzima si mimi, leo nataka jambo moja tu naambiwa mambo ya visima

Khalfan: Punda yule alikuwa na sababu zake

Omari, 8:47 mchana: Nimesoma yote. Simu ilikuwa kwa fundi Mokowe. Saida ukichoka kuandika jina langu nipe nikuandikie

Fahim: Wallahi Aristides, kiongozi wa Athens, alifanya hivyo! Plutarch, mwandishi wa kale, asimulia, mtu asiyejua kuandika akampa kigae bila kumtambua, akamwambia niandikie Aristides, nimechoka kusikia kila mtu amwita mwadilifu. Akaandika

Saida: Fahim kasome mtihani. Omari PESA

Omari: Korija moja nshalipia, iko Mokowe yangoja mashua. Risiti ntatuma

Twaha: Lini

Bi Mkubwa, 11:20 jioni: Ni mimi bibi yenu, Salma aniandikia. Omari hatoki. Nyumba ile hatotoka mtu nami ni hai. Na sahani, aliyeivunda namyua tangu siku ile, nimenyamaa kwa ajili ya mamake.

Mwanakombo, 2:35 usiku: Ndio nafungua simu. Tumekubaliana nini?

Saida: Ijumaa baada ya Isha, kwa Bi Mkubwa. Omari na risiti

Omari: Ijumaa niko Mpeketoni. Jumamosi

Twaha: Jumamosi kuna mpira

Khalfan: Mahamri analeta nani

Rukia: Aliyevunja sahani

Saida: NANI ANAKUJA IJUMAA