Mrejesho: Kuhamisha na kunakili barua pepe kwenye seva ya Exchange

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini programu yangu, kila ikishahamisha barua kwenye Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft) kwa ombi la MoveItem, hupata kosa la ErrorItemNotFound (yaani barua haikupatikana) inapotaka kuifungua tena. Aliyesema kwamba barua ikihama hupewa kitambulisho kipya aligonga penyewe, kwani mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kile cha zamani. Sasa naweka ReturnNewItemIds (kipengele cha ombi kinachoitaka seva irudishe vitambulisho vipya) kuwa true, nasoma kitambulisho kipya ndani ya jibu na kukihifadhi papo hapo. CopyItem, ombi la kunakili, nayo imetengemaa kwa njia hiyo hiyo.

Barua zinazokwenda kwenye kisanduku cha mtumiaji mwingine ziliniangusha, kwa sababu huko seva hairudishi kitambulisho kipya. Nimelazimika kuitia kila barua sifa ya ziada yenye alama yangu kabla ya kuihamisha, kisha kuitafuta kwa FindItem katika folda iendako. Inafanya kazi, ila kwa mwendo wa kobe.

Ushauri wa kufungasha barua nyingi katika ombi moja nimeufuata kwa tahadhari, maana jibu la HTTP 200 (ishara kwamba ombi zima limepita salama) liliwahi kunificha barua moja iliyokwama, na tangu hapo nakagua ResponseClass ya kila barua, yaani sehemu ya jibu inayosema kama barua hiyo imefaulu au la.