MREJESHO: Maumbo ya plaiwudi ya boti kwa kompyuta

Wakuu, salaam. Niliuliza jinsi ya kupata kwa kompyuta maumbo bapa ya plaiwudi ya boti ya mita 4.2, mbao zijipinde bila kupasuka. Mkanielekeza FREE!ship, programu ya bure.

Imekubali. Kazi ilikuwa kwenye omo, yaani mbele ya boti. Pale ubao wa chini ulikuwa unapinda pande mbili kwa pamoja, na plaiwudi haitaki hivyo; hupinda upande mmoja tu, kama karatasi. Programu inaonyesha kwa rangi mpindo wa Gauss, yaani kipimo cha ubao kupinda pande mbili kwa pamoja: ukiwa sifuri, ubao unakunjuka ukawa bapa kabisa. Nikasogeza pointi za karibu na hanamu (ubao wa mbele kabisa unaokata maji) mpaka rangi ikatulia, ndipo nikakunjua. Omo imekuwa butu kidogo kuliko nilivyotaka, lakini sina ugomvi nayo.

Aliyesisitiza modeli ya kadibodi ya 1:10, asante sana mkuu. Ilifunga kona zote isipokuwa ya tezi (nyuma), ubavu ulizidi kidogo.

Sikuchapa michoro mikubwa, ni gharama bure. Nilihamisha vipimo kila sentimita 20, nikapiga misumari, nikalaza ufito na kufuata kwa penseli. Shiti ina milimita 2440 kwa 1220, hivyo nimeunga mbili kwa mshazari wa 1:8, yaani kingo zinachongwa mteremko wenye urefu mara nane ya unene, kisha zinalaliana. Kwa plaiwudi ya milimita 6, muungo unakula milimita 48 za urefu, hesabuni mapema.

Tumeshona kwa waya wa shaba, gundi ya epoksi wiki ijayo. Fundi anataka kuongeza mataruma (mbavu za ndani za boti) mawili. Mnasemaje?