Wajukuu wa Bibi (na Wazee)

*Ijumaa*

Rehema, 19:42
Hamjambo ndugu zangu. Naomba leo tusikilizane. Laptopu yenye picha na sauti za Bibi imeanza kulia. Ukiiwasha unasikia tik tik tik, inanyamaza, inaanza tena.

Rehema, 19:43
Nakala ninayo, nilichukua juzi kwenye diski yangu, hapo msiwe na wasiwasi. Lakini nakala moja si nakala. Nataka watu wawili zaidi.

Rehema, 19:58
Naona watu 11 wamesoma.

Baba Mdogo Idi, 20:03
Hiyo tik tik ni saa mwanangu, inakukumbusha ukalale 😂

Wifi Neema, 20:04
😂😂😂

Rehema, 20:05
Baba Mdogo, kwa heshima zote, hili si la mzaha. Diski ikigonga hivyo kuna kitu kinavunjika ndani. Kila ukiiwasha unaipunguzia siku.

Saidi, 20:21
Basi izime, isiwashwe mpaka tujue tunachotaka kutoa humo. Na isisawazishwe na chochote, yaani isifananishwe na folda nyingine. Diski inayokufa unanakili yale ya muhimu tu, unaanza na sauti.

Rehema, 20:23
Nimesema nimeshanakili Saidi. Mimi naongelea mpango wa kudumu. Kuna programu inaitwa FreeFileSync, ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Kushoto unaweka folda yako, kulia diski ya nje. Unabonyeza kulinganisha, inakupangia orodha ya kila faili na mshale wake kabla haijagusa kitu. Ukiridhika ndipo unasawazisha. Kila mwenye kompyuta aiweke LEO.

Hamisi, 20:40
FreeFileSync ile ile?

Rehema, 20:40
Ile ile. Kosa halikuwa lake.

Hamisi, 20:41
Haya, tumeanza.

Rehema, 20:41
Sijataja mtu.

Wifi Neema, 20:42
Mambo ya flashi nyekundu 🙈

Baba Mdogo Idi, 20:43
Jamani tusifukue

Rehema, 20:46
Nafukua kidogo tu, wadogo wasirudie. Kushoto folda tupu, kulia flashi imejaa, mtu akachagua Kioo. Kioo maana yake kulia kufanane na kushoto. Kushoto hakuna kitu, basi na kulia pakawa hakuna kitu. Sekunde ngapi sijui.

Hamisi, 20:47
Nilidhani inavuta kutoka kulia kuja kushoto.

Saidi, 20:49
Tatizo ilikuonya. Folda mbili zikipishana sana inauliza kama una hakika umechagua zenyewe. Na flashi haina pipa la taka, hilo nalo inakwambia.

Hamisi, 20:52
Iliuliza mara mbili nikabonyeza mara mbili. Nimeshaomba radhi kwa mdomo, kwa maandishi, mbele ya watu. Mnataka na muhuri?

Baba Mdogo Idi, 20:53
Muhuri uwe na nakala tatu, moja ikae mbali 😂😂

Rehema, 20:54
Baba Mdogo umetania lakini ndiyo kanuni yenyewe. Nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja isikae nyumba moja na zenzake. Sasa nani ya pili?

Rehema, 21:15
Nani ya pili?

Wifi Neema, 21:20
Kwani si tuzipandishe tu Google zikae huko

Saidi, 21:26
Ya bure ni GB 15, na humo humo mna barua pepe zako na picha zako. Video za Bibi peke yake hazienei. Mimi ningeshauri Syncthing. Nayo ni programu huria, faili zinatoka mashine kwenda mashine, hakuna kampuni inayokushikia. Kila mashine ina namba yake ya herufi na tarakimu 56, mnapeana, kila mmoja anamkubali mwenzake, basi. Ila mashine zote mbili ziwe zimewashwa wakati mmoja.

Rehema, 21:27
Kwenye simu?

Saidi, 21:31
Ya Android wenyewe waliacha kuitoa Desemba 2024. Ipo iliyoendelezwa na watu wengine. Tuanze na kompyuta kwanza.

Hamisi, 21:33
Na mimi nikifuta kwangu?

Saidi, 21:34
Inafutika kwa wote.

Hamisi, 21:34
Sasa hapo mmenisaidia nini 😂

Saidi, 21:38
Ndiyo maana kusawazisha si kuhifadhi, watu wanachanganya. Kusawazisha kunapeleka na makosa yako, tena haraka. Unaweza kuiambia itunze matoleo ya zamani, kwa mwenzako inayaweka kwenye folda iliyofichika. Lakini inatunza kilichofutwa na mwenzako. Ulichofuta wewe mwenyewe kwako hakimo. Kwa hiyo lazima iwepo diski moja ya pembeni, unachomeka, unanakili, unachomoa. Ikibaki imechomekwa, virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta vinaifunga na yenyewe.

Baba Mdogo Idi, 21:40
Saidi unaandika kama unalipwa kwa neno

Salum, 22:57
Ndo naona sasa. Mimi nilijaribu siku nyingi ile video ndefu, flashi ya GB 32, wazi GB 20, video GB 5. Inasema faili kubwa mno. Nikajua flashi feki nikaitupa

Saidi, 23:02
Uliitupa 😩 Ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, humo faili moja haivuki GB 4 hata flashi iwe tupu. Ungeibadilisha iwe mfumo wa exFAT ingepokea. Ila kubadilisha kunafuta vilivyomo, kwa hiyo unahamisha kwanza.

Salum, 23:03
Duh

*Jumamosi*

Rehema, 07:10
Nimetengeneza orodha. Diski ya kwanza mimi. Syncthing Saidi na Salum. Diski ya tatu natafuta mtu. HAMISI HAPANA.

Hamisi, 07:48
Ujumbe huu umefutwa

Wifi Neema, 07:49
Nimeuwahi 🤐

Shangazi Mwajuma, 09:26
Nimesoma yote tangu jana. Hayo majina siyajui na sitaki kuyajua. Ipo sauti ya mama yangu akiniita kutoka uani, ananiambia Mwaju njoo ushike hapa, halafu anacheka. Rehema una nakala, nipigie hiyo sauti niisikie. Sijaisikia tangu tumzike.

Rehema, 09:31
Shikamoo Shangazi. Nachomeka diski sasa hivi.

Shangazi Mwajuma, 09:32
Marahaba. Nangoja.

Rehema, 09:50
Shangazi nipe dakika chache.

Saidi, 10:04
Dada Rehema, folda ina ukubwa gani? Bonyeza kulia, angalia sifa zake.

Rehema, 10:09
KB 212

Saidi, 10:09
Folda nzima?

Rehema, 10:10
Faili ni 106. Majina yote yapo. Kila moja KB 2.

Saidi, 10:12
Zina kishale kidogo kwenye kona ya kila picha?

Rehema, 10:13
Zina.

Saidi, 10:15
Hizo ni njia za mkato dada. Umenakili vibao vya kuelekeza, faili zenyewe bado ziko kwenye ile laptopu.

Salum, 10:16
Inayolia?

Saidi, 10:16
Hiyo hiyo.

Baba Mdogo Idi, 10:22
Haya. Leo sina utani.

Rehema, 10:41
Nilihesabu majina. Nilikaa nikahesabu moja moja mpaka 106. Sikufungua hata moja.

Wifi Neema, 10:43
Pole wifi yangu

Hamisi, 10:44
Mimi sisemi kitu.

Rehema, 10:44
Umeshasema.

Shangazi Mwajuma, 11:30
Rehema usilie. Hamisi usimcheke. Yeye alihesabu, wewe ulibonyeza, hakuna aliyefungua akasikiliza. Laptopu asiiguse mtu mpaka Saidi afike. Na diski itakayotoka hapo atatunza Hamisi.

Rehema, 11:31
Shangazi, Hamisi?

Shangazi Mwajuma, 11:33
Hamisi. Aliyewahi kuifuta ndiye atakayeogopa. Kila mwisho wa mwezi atanipigia sauti moja kwa simu niisikie. Mwezi asiponipigia nitajua.

Salum, 11:35
🙏

Baba Mdogo Idi, 11:36
Neno la dada limepita.

Rehema, 12:20
Sawa Shangazi. Hamisi, diski unayo au unanunua? Na Saidi unakuja lini? Kesho au Jumatatu?

Rehema, 13:05
Hamisi?

Rehema, 13:05
Saidi?

Saidi, 14:17
Jumatatu jioni nikipata ruhusa. Nitatoa ile diski, niichomeke kwenye mashine nyingine. Siahidi.

Hamisi, 15:40
Nimesoma.

Rehema, 15:41
Nimesoma ndiyo au nimesoma hapana?

Zuhura, 21:52
Poleni jamani nilikuwa kazini siku mbili hizi, ndo nasoma. Hiyo sauti ya Bibi na Shangazi si ndiyo nilirekodi mimi? Nimewasha simu yangu ya zamani naiona. Yenyewe ilikuwa dakika 9 lakini hapa inaishia dakika ya 4, sijafika kwenye kucheka

Rehema, 21:52
USIIFUTE. Usiihamishe. Usiitume humu kwanza. Nakupigia.

Zuhura, 21:53
Simu ina asilimia 3 na chaja yake sijui iko wapi