Tenki la mawese na pampu mpya: tundu wazi, valvu ya kupumulia au nitrojeni?

KijanaWaZamu
Wakuu salaam. Niko kiwanda cha mafuta ya kula, Dar. Tuna tenki la mawese ghafi la mita za ujazo 300, kipenyo mita 7. Pampu ya sasa inatoa mita za ujazo 30 kwa saa, kwa hiyo boza la lita 30,000 linakaa saa nzima na madereva wanatusema. Sasa imeletwa pampu ya 90. Bosi ana wasiwasi, maana kiwanda cha jirani tenki lao liliwahi kubonyea kama kopo la soda wakati wa kupakia. Juu ya letu kuna bomba la inchi 2 tu, limepinda kama mpini wa mwavuli, na mdomoni lina wavu. Nina bei tatu mezani: kupanua hilo tundu, kufunga valvu ya kupumulia, au mfumo wa kujaza gesi ya nitrojeni juu ya mafuta badala ya hewa. Nyie mngechukua ipi?

Mzee wa Flanji
Kijana, weka bei pembeni kwanza. Tenki la kawaida la kiwango cha API 650 (kiwango cha Kimarekani cha matenki ya chuma) limeundwa kuvumilia ombwe, yaani mvuto wa ndani hewa ikipungua, la 0.25 kPa. Hizo ni sentimita 2.5 za maji! Mtoto anayenyonya juisi kwa mrija anapita hapo bila kutoa jasho. Ila kwa paa lako la mita 7, ombwe hilo dogo ni kama umelitwika karibu tani nzima.

Kila lita inayotoka chini inadai lita ya hewa juu. Ukiongeza pampu mara 3, hewa inapita tunduni kwa kasi mara 3, na ombwe ndani linapanda mara 9, si mara 3. Hapo ndipo wengi wanapokwama: tenki limekaa miaka 20 salama, pampu inabadilishwa Jumatatu, Jumanne paa limeingia ndani.

Mimi naenda na tundu wazi, lipanuliwe. Mawese hayatoi mvuke wa kuwaka kama petroli, sasa valvu ya nini? Palipo na shimo la kutosha usifunge kitu chenye kucheza.

DadaPampu_Msa
Mzee wangu, kwa mawese nakubali. Ila wasomaji wasije wakatoboa matenki ya petroli! Sisi huku Mombasa tunashika petroli na ethanoli, na valvu ya kupumulia ni lazima: inabaki imefungwa tenki likitulia, mvuke haupotei, na inafunguka tu shinikizo likizidi au hewa ikihitajika.

Lakini ina tabia zake. Ile namba iliyoandikwa ubavuni ni ya kuanza kufunguka. Kupitisha hewa yote unayotaka inahitaji ombwe kubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo usome jedwali la mtengenezaji mpaka mwisho wa mstari. Halafu chumvi ya pwani. Kisahani cha ndani kinachofungua na kufunga valvu kinaganda kwenye kiti chake, na ukiwa chini huoni kitu. Tunazifungua kwa ratiba, na hata hivyo nimewahi kukuta moja imeshika kama imegundishwa. Hapo kwako, mdogo wangu, mafuta ya moto yatapanda na unyevu, yatapoa kwenye kisahani na kuwa gundi.

BiaBaridi
Mnaongelea pampu tu. Kiwandani kwetu tenki lilivutwa ndani bila pampu kuwaka. Lilioshwa kwa maji ya moto, likajaa mvuke, kijana akafungulia maji baridi. Lita moja ya maji ikiwa mvuke ni kama lita 1,700, sasa ukiupoza ghafla inabaki lita moja na nafasi tupu. Kostiki, ile soda kali ya kuoshea, nayo: inanyonya kaboni dayoksaidi iliyobaki baada ya bia, na ombwe linakuja kimyakimya. Kwa hiyo mkuu, kama mnaosha kwa mvuke, tundu lipimwe kwa uoshaji pia. Mvua ya ghafla juu ya tenki la moto nayo ni hesabu.

MhasibuMpotevu
Sijui valvu, najua gharama. Mtungi wa nitrojeni wa lita 50 uliojazwa baa 200 unatoa kama mita za ujazo 10. Boza moja la lita 30,000 ni mitungi 3. Maboza manane kwa siku ni mitungi 24, kila siku ya Mungu.

Mzee wa Flanji
😂 Mhasibu kamaliza. Na mitungi ikiisha katikati ya boza? Bado utahitaji valvu ya kuingiza hewa kwa dharura. Nitrojeni inawekwa kulinda ubora wa mafuta yasichache. Kama hilo si tatizo lenu, achana nayo, na inaua mtu akiingia tenkini bila kupima hewa.

Kijana, panda juu ukaangalie huo wavu. Halafu chukua mpira wa levo wa waashi, ule unaoonyesha maji ndani, ufunge kwenye tundu la kuchukulia sampuli, uukunje umbo la U, tia maji yenye rangi. Washa pampu ya zamani, pima tofauti ya maji pande mbili. Ikikaribia milimita 25, zima.

DadaPampu_Msa
Na mtu akae na mkono kwenye swichi. Baadaye fungeni kifaa cha kuzima pampu chenyewe ombwe likizidi.

KijanaWaZamu
Nimerudi. Nusu ya wavu ilikuwa rangi: walipaka tenki mwaka jana wakapitisha brashi juu yake. Nusu nyingine dondora wamejenga, tope limekauka kama simenti. Kabla ya kusafisha, mpira ulisoma milimita 11 kwa pampu ya zamani. Baada ya kusafisha, 3.

Mzee wa Flanji
3 mara 9?

KijanaWaZamu
27, mzee. Hata likiwa safi halitoshi. Na kwa lile tope ingekuwa 99.

Mzee wa Flanji
Weka inchi 4. Kipenyo mara mbili, ombwe linashuka mara 16, hutafika hata milimita 2. Wavu wa matundu makubwa, mdomo uangalie chini mvua isiingie. Na wapaka rangi wakija, usiwaache wafunge mfuko wa plastiki mdomoni.

KijanaWaZamu
Fundi anachomelea Alhamisi, tenki likishakuwa tupu na limeoshwa. Madereva nimewaambia wavumilie, pampu mpya bado iko kwenye sanduku lake.