Kikomo cha juu cha matumizi ya umeme katika saketi ya kupima mkondo

Fundi wa Mokowe:
Assalaam aleikum. Ninaunda saketi ya kupima mkondo wa betri ya volti 12 mashuani, yenye shanti (rezista ndogo sana ambamo mkondo unaopimwa hupita) ya miliomu 10 na amplifaya, yaani kikuza ishara, ya volti 5. Maelezo ya kiwandani ya amplifaya yanasema yenyewe hutumia mikroampea 200 kwa kawaida na 300 kwa juu kabisa. Je, nikadirie kwa ipi?

Binti Shela:
Waaleikum salaam, ndugu. Chukua 300, maana joto la chini ya sitaha saa saba mchana si la kawaida hata kidogo, kisha uzidishe kwa volti ya juu kabisa ya regyuleta (kifaa kinachoipa amplifaya volti 5), tuseme 5.25: takriban miliwati 1.6. Rezista ya kiloomu 10 kwenye pato la amplifaya, likipanda hadi karibu na volti hiyo, huongeza miliwati 2.8.

Mzee wa Saketi, Malindi:
Sahihi, lakini mlaji mkuu ni shanti yenyewe. Ampea 5 zikipita, hupotea wati 0.25, mota ikivuta 15 inapowaka, ni wati 2.25, kwa kuwa hasara hukua kwa mraba wa mkondo. Mimi nilishaunguza moja kwa kupuuza hilo.

Fundi wa Mokowe:
Ahsanteni. Shanti yangu ni ya wati 1, nitaibadilisha.